Jibu: Mhasibu wa muda kupitia wakala, Arusha

Mkuu, umeuliza ukimpata mhasibu wa kujitegemea kupitia wakala, kodi ya zuio (ile unayokata kwenye malipo na kuipeleka serikalini) unamkata nani. Unamkata anayekupa ankara. Ikitoka kwa wakala, kata 5% ya ada kabla ya VAT, upeleke TRA (Mamlaka ya Mapato) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Proforma (ankara ya awali tu) haikuokoi kwenye ukaguzi. Namba ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) ya mhasibu ithibitishe mwenyewe, CV huandikwa chochote.

Balaa liko kwenye mkataba. “Kufunga vitabu” ni maneno matupu. Kwa kampuni ya utalii andika: usuluhisho wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki), akaunti ya shilingi na ya dola, mwezi kwa mwezi, na amana za wageni wa Julai zikae kama deni, maana wengi huziingiza kwenye mapato kabla safari haijafanyika. Andika pia wakala atamleta mbadala ndani ya siku ngapi, na utalipa nini ukitaka kumwajiri moja kwa moja. Programu ya uhasibu isajiliwe kwa barua pepe ya kampuni, sio yake.

Usingoje Juni. Ritani za kodi za mwaka unaoishia Desemba zinafungwa tarehe 30 Juni, na wazuri wote wanakuwa wameshachukuliwa.