Wazee Kwanza, Makaratasi Baadaye

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni ripota wa redio hapa Lindi mjini. Nataka kuacha kazi niandike kitabu cha reli ya Nachingwea, ile ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga. Wenzangu wananicheka. Niache kazi?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Kazi usiache. Kitabu hakikulipi mpaka kitoke, na kikitoka mara nyingi hakilipi vilevile. Nauli ya Nachingwea itatoka kwenye huo mshahara mdogo unaoulalamikia.

Mzee Mkapa wa Lupaso, yule rais wa awamu ya tatu, alikuwa mhariri wa magazeti ya The Nationalist na Uhuru mwaka 1966, akaenda Daily News 1972, kisha SHIHATA, shirika la habari la taifa, 1976. Kitabu cha maisha yake kilitoka 2019, ameshavuka miaka 80. Yeye aliweza kusubiri kwa sababu habari alikuwa nayo mwenyewe. Yako iko vifuani mwa watu wengine.

Hebu piga hesabu. Mpango ulianza 1947, Waingereza wakaubwaga 1951. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati ule, leo amepita themanini. Faili za serikali ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na nyingine London, hizo utazikuta. Anza na wazee, tena mwaka huu. Ila Oktoba hadi Desemba usiwasumbue, nyumba nzima iko kwenye korosho.

Na ukifika, sahau maswali ya redio. Ukimuuliza mzee "mlijisikiaje?", atakujibu "vizuri tu", basi. Muulize kibarua alilipwa kila lini. Unga ulitoka wapi? Nani alipewa nyumba ya bati na nani alilala kwenye turubai? Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960: vyuma vilikwenda wapi? Mzee mmoja kule Nachingwea alinionyesha nguzo ya banda la mbuzi wake, kumbe ni kipande cha reli! Tulizungumza mbuzi karibu saa nzima, na humo humo akanitajia kambi, wanyapara, hata wimbo wa vibarua. Ningeanza na "historia ya reli" angeniambia niende kwa mwenyekiti wa kijiji.

Jambo la mwisho, ambalo vijana hulipuuza. Mahojiano uliyorekodi saa za kazi, kwa mashine ya kituo, kituo kinaweza kuyadai. Zungumza na meneja wako sasa hivi, mkubaliane kwa maandishi, na ununue kinasa sauti chako mwenyewe.