Kabla hujafleshi, boot.img yako iko wapi? Maswali yenu ya kerneli

Maswali ya kerneli (kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya simu) na ya kuifleshi, yaani kuiandika kwenye simu, yamerundikana, na mengi ni lile la kwanza hapa chini, limeandikwa kwa maneno tofauti tu. Nalijibu kwa kirefu ili nisilijibu tena.

Fundi, nimefleshi kerneli, simu inaishia kwenye nembo, inajizima, inawaka tena. Nifanyeje? Haraka tafadhali.

Hukutaja modeli. Hukutaja toleo la Android, aina ya prosesa, wala kerneli umeitoa wapi. Unanilazimisha nikisie, na simu nyingi zimekufa kwa kukisia.

Kwanza, acha kufuta data. Najua umeshashauriwa ufute kila kitu uanze upya. Kerneli haikai kwenye data, inakaa kwenye patisheni ya boot, sehemu tofauti ya hifadhi. Ukifuta picha zako zote, simu itagoma vilevile na picha hazitarudi. Kinachotakiwa ni kurudisha boot.img (faili lenye yaliyomo kwenye patisheni hiyo) ya kiwandani, tena ya toleo lilelile lililokuwa kwenye simu kabla hujaigusa. Ingiza simu kwenye fastboot, hali ya kupokea amri kutoka kompyuta, chomeka waya kwenye kompyuta, andika:

fastboot flash boot boot.img
fastboot reboot

Kwa simu nyingi tatizo huishia hapo, ndani ya dakika chache. Tabu ni kwamba huna hiyo boot.img, maana ungekuwa nayo usingeniandikia. Basi pakua ROM kamili ya kiwandani (mfumo wote wa simu) yenye namba ya toleo ileile, herufi kwa herufi. Usichukue "inayokaribia". Ndani utakuta boot.img yenyewe, au faili kubwa liitwalo payload.bin ambalo unalifungua kwa programu ya kulichambua kisha unatoa boot.img humo.

Kama simu yako ina sloti mbili, a na b, yaani nakala mbili za mfumo, uliza kwanza fastboot getvar current-slot. Kuna watu wanaandika kwenye a huku simu inawaka kutoka b, wanarudia mara tano, halafu wanaapa kwamba faili ni bovu. Na usibadili sloti kwa kubahatisha ukitumaini ya pili itapona: huenda ina toleo la zamani, huenda haina kitu kinachowaka.

Safari ijayo, kama butiloda yako (programu inayoiwasha simu kabla ya mfumo) inaruhusu, jaribu kerneli kwa fastboot boot badala ya fastboot flash. Amri hiyo inaipakia kwenye RAM bila kuiandika. Ikigoma, unazima na kuwasha, na simu inarudi ilivyokuwa. Butiloda za simu za bei nafuu mara nyingi zinaikataa, lakini kujaribu hakukugharimu kitu.

Kufungua butiloda kunafuta picha na meseji?

Ndiyo, kunafuta vyote, na hakuna njia ya mkato salama. Hamisha vitu vyako kwanza.

Baada ya kuweka kerneli mpya kila kitu kinafanya kazi isipokuwa wifi. Nikiigusa kuiwasha, kitufe kinarudi chenyewe. Nimeshawasha upya mara nyingi.

Asante kwa kueleza hicho kitufe kinachorudi, kwa sababu ndicho kinachotupa jibu. Wifi yako haijaharibika. Kwenye simu nyingi draiva ya wifi haimo ndani ya kerneli, ni moduli iliyo pembeni, faili lenye mwisho wa .ko ndani ya /vendor/lib/modules. Moduli hiyo ilijengwa pamoja na kerneli ya kiwandani. Umeleta kerneli nyingine, nayo inaikataa. Chomeka kompyuta, endesha dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) ukiwa na ruti, yaani mamlaka kamili juu ya simu, tafuta mstari unaosema "disagrees about version of symbol module_layout". Ukiuona, maana yake ni hiyo: kerneli na moduli havipatani.

Tiba ni mbili. Ama upate moduli zilizojengwa na mtengenezaji yuleyule kwa kerneli ileile, ama urudi kwenye kerneli ya kiwandani. Usichukue moduli za mtu mwingine ukazitupia humo kwa sababu majina ya mafaili yanafanana. Mtengenezaji makini huweka moduli zake ndani ya zip yake, au hujenga draiva ya wifi ndani ya kerneli kabisa. Kama wako hakufanya hata kimoja, basi hakuijaribu kerneli yake kwenye simu kama yako, na hilo lilipaswa kukutosha kuiacha.

Kuna kerneli ya kuongeza RAM kutoka GB 2 hadi 4?

Hakuna. Kerneli inaweza kubana kurasa za RAM kwa zRAM ili programu nyingi zaidi zienee, na kwenye simu ya GB 2 msaada wake unaonekana. Lakini kubana na kubanua ni kazi ya prosesa, na prosesa yako ni dhaifu. Ukiweka zRAM kubwa kupita kiasi, simu inaanza kukwama pale ulipotaka iende kasi. Anayekuahidi GB 4 anakudanganya.

Prosesa ya simu yangu ni sawasawa na ya simu nyingine ambayo ina kerneli nzuri. Naweza kuitumia?

Usithubutu. Prosesa ni kipande kimoja tu. Kerneli hupewa maelezo ya vifaa vyote vya simu husika, kioo, kamera, chaja, spika, kwa kile kinachoitwa mti wa vifaa, DTB. Mti wa simu nyingine unaeleza simu nyingine.

Kwa simu za bei nafuu hatari inazidi, kwa sababu hata simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na vioo vya wasambazaji wawili tofauti. Hili limenipata. Niliweka kerneli ya modeli yangu hasa, simu ikawaka vizuri, saa ikaonekana kwenye kioo, nikapitisha kidole na kioo hakikuitikia. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha, kioo kikazima na kuwaka kama kawaida, lakini kidole hakisomeki. Nikachomeka kipanya kwa waya wa OTG, mshale ukatokea, nikafungua simu kwa kipanya. Kwenye dmesg draiva ya mguso ilikuwa imesoma namba ya chipu, ikaona siyo inayoijua, ikajiondoa. Aliyeijenga alikuwa na simu yenye kioo cha msambazaji mwingine. Nilirudisha boot.img yangu na mguso ukarudi, kwa sababu nakala nilikuwa nayo.

Nimefleshi kerneli na ruti imepotea. Kwa nini?

Kwa sababu umeandika boot.img nzima, na ramdiski (mafaili ya mwanzo ya kuwasha simu) yenye Magisk, programu inayokupa ruti, ilikuwa humohumo. Tumia zip ya AnyKernel3: hiyo hufungua boot iliyopo, hubadilisha kerneli peke yake, huacha ramdiski ilivyo. Kwa simu zilizotoka kiwandani na Android 13 au ya baadaye, ramdiski imehamia patisheni ya init_boot, kwa hiyo Magisk huwekwa huko na haiguswi unapobadilisha boot. Usichanganye mambo hayo mawili kwa kufuata video ya simu ya zamani.

Nimepata kerneli kwenye kundi, watu wanaisifu kwa magemu. Aliyeijenga anasema msimbo chanzo atautoa baadaye. Niweke?

Hapana.

Linux iko chini ya leseni ya GPLv2. Anayekupa kerneli iliyojengwa anawajibika kukupa msimbo chanzo wake au kukuwekea ahadi rasmi ya kuupata. Hiyo "baadaye" yake ni kuvunja leseni ya maelfu ya watu waliompa kazi yao bure. Watengenezaji wa simu tunawalalamikia kila siku kwa kuficha msimbo, kisha tunampigia makofi mtu wa kundini anayefanya vilevile. Sikubali.

Na si suala la leseni tu. Kerneli inaona kila kitu: nywila, meseji, maikrofoni. Hakuna programu ya kulinda simu inayoweza kuizuia, kwa kuwa kila programu iko chini yake. Bila msimbo huna namna ya kujua umemkaribisha nani.

Ukishaiweka kerneli yoyote, hata yenye msimbo, endesha getenforce. Jibu linapaswa kuwa Enforcing. SELinux imekuwa ikitekelezwa kikamilifu tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, na ndiyo inayozuia programu moja iliyovamiwa isitawale simu nzima. Wajenzi wavivu huiweka Permissive, isizuie kitu, kwa sababu inawaondolea makosa wasiyotaka kuyatafuta. Simu inaenda, kila mtu anasifia, na mlango wa nyuma uko wazi. Zipo pia kerneli zinazojibu Enforcing kwa uongo, na hapo tunarudi palepale pa msimbo chanzo.

Angalia na namba ya toleo la kerneli kwa uname -r. Mfululizo wa 4.14 uliacha kupokea marekebisho rasmi Januari 2024, na 4.19 ukafuata Desemba 2024. Simu nyingi za bei nafuu bado ziko humo. Mjenzi mwaminifu atakuambia amerudishia marekebisho gani ya usalama kwa mikono yake. Asiyeyataja muulize, na akinyamaza achana naye.

Kerneli ya magemu imefanya simu iwe ya moto sana mgongoni. Ni kawaida?

Si kawaida. Ama gavana, inayopanga kasi ya prosesa, imewekwa performance, yaani prosesa inashikiliwa kwenye kasi ya juu muda wote, ama mjenzi ameondoa mipaka ya joto. La kwanza unalibadilisha sasa hivi, chagua schedutil. Kwa la pili iondoe kerneli leo, maana betri iliyo chini ya mgongo huo ndiyo inayopokea joto lote. Ikianza kuvimba, usiichaji tena.

App ya benki imegoma. Nikifunga butiloda tena itakubali?

Usifunge butiloda ukiwa na kerneli ya kigeni! Ikifungwa inakagua saini, haiikuti ya kiwanda, inakataa kuwaka. Na ruhusa ya kuifungua tena iko ndani ya mipangilio ambayo hutaifikia. Rudisha kwanza ROM nzima ya kiwandani, uiwashe, uone inafanya kazi, ndipo ufunge. Na data itafutwa tena.

Kerneli inaweza kufuta IMEI?

Kufleshi boot peke yake hakugusi IMEI. Wanaoipoteza ni wale ambao simu ikigoma hukimbilia programu ya SP Flash Tool na kuchagua kuformati kila kitu. Kwenye simu zenye prosesa ya MediaTek hapo patisheni ya nvram inaondoka, na IMEI pamoja nayo. Siku utakapokuwa na ruti, kabla ya jaribio lolote, nakili nvram, nvdata, nvcfg, protect1 na protect2 uziweke nje ya simu. Kwa Qualcomm ni modemst1, modemst2, fsg na persist. Waliouliza namna ya kuandika IMEI tofauti na ya simu yao, sitawajibu.

Simu inajiwasha upya ghafla, mara mbili kwa siku, tangu niweke kerneli. Nitajuaje sababu?

Ikishawaka, kabla ya kufanya lolote, soma /sys/fs/pstore/console-ramoops ukiwa na ruti. Jina linaweza kuishia na -0. Ni maneno ya mwisho ya kerneli kabla ya kuanguka. Nenda chini kabisa, tafuta "Kernel panic" au "Unable to handle kernel", kisha soma mistari inayofuata: majina ya kazi yaliyomo yatakuonyesha ni draiva gani. Faili lisipokuwepo, huenda mjenzi amezima pstore, umwombe aiwashe. Likiwepo, nitumie mistari 50 ya mwisho, namba kamili ya modeli, namba ya toleo la ROM, na jibu la uname -r.