Ulichokopi, Nani Mwingine Amekisoma?

Juzi msomaji mmoja wa Igoma, wakala wa pesa za simu, ameniandikia: "Kaka, programu yangu ya tochi sijaipa ruhusa hata moja. Mbona simu inaniambia imesoma nilichokopi?"

Dada yangu, hayo yamenikuta pia. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na kutwa nzima nakopi: namba ya akaunti ya mwenye fuso, jina lake, kiasi cha kulipa. Siku moja nilikuwa nimeshakopi namba ya akaunti, kabla sijaipesti benki nikafungua kikokotoo nilichopakua, nipige hesabu ya magunia. Chini ya kioo ukapita ujumbe mfupi kwamba kikokotoo kimebandika kutoka kwenye ubao wa kunakili, yaani pale simu inapotunza ulichokopi. Wala sikuwa nimebonyeza kitu! Nikarudia mbele ya wenzangu, ukatokea tena. Nikakifuta palepale, simu ilikuja na kikokotoo chake.

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Unajifanya mjuaji. Kikokotoo kitakuibia nini?" Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu aliyelisema ndiye mweka hazina wa kikundi chetu, na namba zetu zote ziko kwenye simu yake, yenye kikokotoo kilekile.

Sikilizeni basi. Kamera, mahali ulipo na majina ya watu simu huviombea ruhusa, na kwenye Android tunaulizwa hivyo tangu toleo la 6 la mwaka 2015. Ulichokopi, kwenye Android, hakina swali la namna hiyo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu iliyojificha nyuma haiwezi tena kukisoma, lakini uliyoifungua mbele yako inaweza, na kibodi unayochapia inaweza muda wote. Ule ujumbe wa chini ya kioo ulikuja na Android 12. iPhone kuanzia iOS 16, toleo la 16 la mfumo wake, huuliza kwanza. Mwenye simu ya zamani hasomi onyo lolote, na hao ndio wengi hapa mwaloni.

Kwa hiyo nywila usiikopi, ichape. PIN usiiandike popote. Ukilazimika kukopi kitu cha siri, pesti, kisha kopi neno lolote la kawaida kabla hujafungua programu nyingine. Kibodi za mapambo ziondoe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, uone programu zipi zinashika majina ya watu wako. Tochi ina shida gani na namba ya mkweo? Na namba ya mkweo si mali yako uigawe! Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini sheria haitakubonyezea "usiruhusu".

Kwenye kikao kijacho nitasimama niseme wazi: anayetunza namba za wanachama akifute kikokotoo kile, au daftari likabidhiwe mwingine.