Waranti ya gari na kutu: wapi wanalipa, wapi wanakataa

Nianze na jibu kabisa, maana wengi mnaosoma hii tayari mmeona rangi imefura mahali na roho haijatulia. Kwa kawaida waranti ya kutu ya gari mpya inalipia kutu ya aina moja, ile iliyoanzia ndani ya bati ikala mpaka ikatoboa nje. Kutu ya juujuu iliyoanza kwa sababu jiwe liliruka likachubua boneti, ama nduthi ilikukwaruza kwa jam ya Jogoo Road, hiyo utajilipia mwenyewe.

Na hii ya kutu huwa na ukurasa wake kwenye kile kitabu cha waranti, si ile ya kawaida. Ile ya kawaida mara nyingi ni miaka 3 au kilomita 100,000, ya kutu kutoboa inaweza kwenda miaka 6 na zaidi kulingana na kampuni. Kwa hivyo ukiambiwa kwa kaunta "waranti yako iliisha", usiondoke, fungua huo ukurasa usome hapo hapo mbele yao. Kampuni zingine zinataka bodi iwe imekaguliwa kila mwaka na ikagongwa muhuri, na muhuri ukikosekana wanapata sababu ya kukukatalia.

Kaka yangu alinunua dabo kebini mpya, ikaanza kutoa vipele vya rangi chini ya mlango wa nyuma, pale bati linapokunjwa. Nilienda naye kwa dila. Yule wa sevisi aliangalia kwa sekunde chache akasema hayo ni mawe ya rafu rodi. Nikamwambia anionyeshe pale kuna mkwaruzo, hakuna, rangi ya juu ilikuwa nzima imeinuka tu, na ukibonyeza kwa ukucha unapenya bati. Tukaomba wafungue mlango kwa ndani tukiwa tumesimama hapo. Fundi alipotoa ile kava ya plastiki kila mtu aliona, kutu nyekundu imefuata mkunjo wote, na vile vitundu vya kutolea maji vilikuwa wazi, kwa hivyo hata ile ya kusema tumeacha matope yazibe haikusimama. Walitupiga danadana kiasi, leo meneja hayuko, kesho picha hazijajibiwa na kiwanda, lakini mwishowe mlango ulitengenezwa na hatukutoa hata shilingi.

Kilichotuokoa ni kwamba hakuna fundi mwingine alikuwa ameugusa ule mlango. Jirani yetu alikuwa na shida hiyo hiyo, akapeleka gari gereji ikapigwa msasa, puti (ile dawa ya kuziba mabonde ya bodi kabla ya rangi), rangi, ikapendeza, kutu iliporudi dila akasema bodi ishafunguliwa na watu wa nje. Na ni uchungu kwa sababu alichofanya ndicho kila mtu Nairobi angefanya! Kwa hivyo kama gari yako bado iko ndani ya waranti, piga picha zenye tarehe, andika barua pepe kwa dila, usiishie kwa simu, halafu fundi wako wa mtaa asubiri kwanza.

Sasa wengi wetu hatununui mpya, tunanunua gari ya Japani. Sheria ya Kenya inataka isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na wengi tunachukua za miaka 7 maana ndizo bei tunaweza, so waranti ya kiwanda usiihesabu kabisa. Ile "waranti" ya yadi za Ngong Road au Kiambu Road ukisoma vizuri ni injini na giaboksi kwa miezi michache, bodi haimo. Ulinzi wako hapa ni macho yako kabla ya kulipa.

Itisha karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa gari ikiuzwa kwa mnada kule Japani. Kwenye ule mchoro wa gari herufi S ni kutu, C ni kutu ambayo imeshaanza kula chuma. Zile zimetoka sehemu za theluji kama Hokkaido na Niigata, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, zinaweza kung'aa juu na huku chini zimeliwa. Inua zulia la buti, toa spea, angalia pale inapolala. Lipia gari ipandishwe juu uone chesisi. Beba sumaku ndogo upitishe juu ya matairi na chini ya milango, ikikataa kushika kuna puti nene, ingawa boneti zingine ni aluminiamu na hizo hazishiki sumaku hata zikiwa nzima, so usikosane na mtu bure.

Bima usiitegemee, hata ya komprehensivu haitengenezi kutu.

Na kama umeuziwa gari ukaambiwa bodi ni safi kumbe ni puti, usinyamaze. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai mpaka Sh1 milioni na si lazima uwe na wakili. Ila utahitaji maandishi, kwa hivyo yule wa yadi akikuambia haina kutu mwambie akuandikie kwenye mkataba wa mauziano kabla hujatuma hata deposit.