Pedali ya kutyuni: bafa au baipasi, na kwa nini uzi wa B hausomeki

SWALI: Napiga gitaa la umeme, na bendi ikihitaji nashika besi ya nyuzi tano. Siku zote nimetumia tyuna ya kubana kichwani mwa gitaa, lakini ngoma zikianza inayumba na kuonyesha noti nisizozipiga. Sasa nataka pedali. Muuzaji ananiambia nisinunue yoyote isiyo na baipasi halisi. Mpiga gitaa mwenzangu anasisitiza nichukue yenye bafa. Pia, hata kwenye pedali niliyoazima, uzi wa B wa besi hausomeki: taa zinarukaruka tu. Na la mwisho, nyuzi zote zikionyesha kijani bado tunapishana kidogo na mpiga kinanda wetu. Kosa ni la tyuna, la gitaa au ni langu?

JIBU: Tyuna ya kubana husoma mtikisiko wa mbao, na jukwaani mbao za gitaa lako hazitikiswi na nyuzi zako peke yake. Ngoma kubwa na spika ya besi zinazitikisa vilevile, kupitia hewani na sakafuni. Programu ya simu ina udhaifu huohuo kwa upande wa maikrofoni. Pedali inasoma umeme unaotoka kwenye pikapu (kinasa cha sumaku kilicho chini ya nyuzi), kwa hiyo kelele za wenzako haziifikii isipokuwa ziwe kubwa kiasi cha kuutikisa uzi wenyewe. Tena ukiikanyaga, sauti inakatika, unatyuni kimya wakati mwimbaji anazungumza na watu. Kwa mtu anayepiga na bendi, hayo mawili yanatosha kuhalalisha kuinunua.

Kabla ya bafa na baipasi, ambazo nitazieleza hapa chini, niondoe jambo moja ambalo matangazo hulipigia debe kupita kiasi: usahihi. Nusu toni moja hugawanywa senti 100. Pedali za kawaida za kampuni zinazoaminika husoma kwa usahihi wa takriban senti 1 juu au chini. Zile za strobo hudai sehemu ya kumi ya senti. Sikio la watu wengi, likisikia noti mbili zikifuatana, huanza kuona tofauti karibu na senti 5. Na wewe mwenyewe, ukiupiga uzi kwa nguvu badala ya kuugusa kwa upole, unaipandisha noti kwa senti kadhaa. Maana yake ni kwamba pedali yoyote nzuri tayari ina macho makali kuliko mkono wako. Strobo naipenda, lakini naipenda mezani, ninaporekebisha urefu wa nyuzi kwenye daraja (pale nyuzi zinapokaa juu ya mwili wa gitaa), ambako tofauti ndogo hujilimbikiza kutoka freti hadi freti. (Strobo si jambo jipya hata kidogo: kampuni ya Conn ya Marekani ilitoa Stroboconn mwaka 1936, sanduku zito lenye visahani vinavyozunguka. Pedali za leo zinaiga mwendo ule kwa taa au kioo: michoro ikikimbilia upande mmoja noti iko juu, ikikimbilia mwingine iko chini, ikitulia umefika.)

Kwa hiyo unapochagua, angalia kama unaweza kuisoma umesimama wima, jua likiipiga au taa za jukwaa zikikumulika usoni. Iwe ya kromatiki, yaani isome noti zote kumi na mbili na si noti za nyuzi sita tu. Angalia inashuka hadi wapi. Kwa besi yako lazima ifike B ya chini kabisa. Angalia pia kitufe cha kubadili kipimo cha A, yaani masafa ya noti ambayo nyingine zote hupimwa kwayo, kimekaa wapi, kwa sababu ambayo nitaieleza nikifika kwa mpiga kinanda wako. Boss TU-3, Korg Pitchblack, PolyTune ya TC Electronic na StroboStomp ya Peterson ndizo utakazozikuta mara nyingi miguuni mwa wapigaji, na hakuna kati yake itakayokuangusha. PolyTune ina ujanja wake: unapiga nyuzi zote kwa mpigo mmoja, inakuonyesha upi umetoka, kisha unaurekebisha huo peke yake. Inasaidia kati ya wimbo na wimbo, ila usitegemee mpigo wa nyuzi zote kumalizia kazi. Uzi mmoja mmoja ndio unaotyuni kweli.

Sasa ugomvi wa muuzaji na mwenzako. Kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Pikapu ya kawaida isiyo na betri ni koili ndefu ya waya mwembamba, na umeme wake ni dhaifu. Kebo nayo si bomba tupu: kila mita ina uwezo wa kuhifadhi chaji, takriban pikofaradi 100, na uwezo huo ukiungana na koili ya pikapu hula sauti za juu. Kebo ya mita 6 kutoka kwenye gitaa, nyingine ya mita 6 kwenda kwenye amplifaya, na vipande vifupi kati ya pedali, tayari unakaribia pikofaradi 1,300, na gitaa linaanza kusikika kama limefunikwa blanketi. Pedali ya baipasi halisi, ikizimwa, huunganisha mlango wa kuingilia na wa kutokea moja kwa moja. Haiongezi kitu, ni kweli, lakini pia haisaidii kitu: pikapu yako inaendelea kusukuma kebo zote peke yake. Bafa ni saketi ndogo inayopokea umeme wa pikapu bila kuulemea, kisha inausukuma mbele kwa nguvu ya kutosha hata kebo ndefu isiudhuru. Kuanzia kwenye bafa kwenda mbele, urefu wa kebo hauna tena neno.

Hivyo basi, kama pedali zako zote ni za baipasi halisi na kebo zako ni ndefu, chukua tyuna yenye bafa, uiweke mwanzoni kabisa. Kama tayari una pedali yenye bafa mahali hapo (pedali ndogo za Boss karibu zote zinayo), hutafaidi chochote kwa kuongeza ya pili. Unapopiga besi yenye betri ndani usijisumbue kabisa, maana kiamplifaya chake cha ndani kinafanya kazi hiyo hiyo kabla sauti haijatoka kwenye chombo.

Muuzaji yuko sahihi mahali pamoja: fazi (fuzz), pedali inayoikwaruza sauti. Pedali za fazi za mtindo wa zamani, hasa zenye transista za jemaniamu, hutaka kuonana na pikapu ana kwa ana. Ukizitangulizia bafa, sauti inakuwa kali na ya chuma, na ule uzuri wa kupunguza voliyumu ya gitaa ili sauti isafike unapotea. Hapo weka fazi kwanza, tyuna ifuate, na kumbuka kuizima fazi unapotyuni. Ukitaka kukwepa ugomvi wote, PolyTune 3, StroboStomp HD na Boss TU-3W zina swichi ya kuchagua bafa au baipasi. Mimi ningenunua mojawapo ya hizo nisahau mjadala.

Kuhusu nafasi ya pedali: mbali na suala la fazi, tyuna ikae mbele ya kila kitu. Distosheni huongeza mawimbi ambayo tyuna haiyahitaji, na pedali ya kora (chorus) huiyumbisha noti kwa makusudi. Mwangwi je? Tyuna ikiwa mbele, ukiikanyaga mwangwi uliokwisha kupigwa unaendelea hadi uishe wenyewe. Ikiwa mwisho wa mstari, unakatwa kama kwa kisu. Wengine huichomeka kwenye tundu la tyuna la pedali ya voliyumu ili waione muda wote. Inafanya kazi, lakini kwenye pedali ya voliyumu isiyo na umeme tundu hilo huweza kupunguza ung'avu wa sauti. Jaribu kuchomoa na kuchomeka huku ukisikiliza, kisha uamue.

Umeme usikucheleweshe: nyingi hutaka volti 9 za adapta yenye hasi katikati. Ukitumia betri, chomoa kebo upande wa kuingilia ukimaliza, kwani kebo iliyobaki humo ndiyo inayoiacha pedali ikiwaka. Na ukisikia mlio mwembamba baada ya kuunganisha tyuna kwenye waya mmoja wa umeme na pedali nyingine, ipe tundu lake lenyewe lililotengwa.

Uzi wa B ndio swali lako gumu, na taa zinazorukaruka zina sababu. E ya chini ya gitaa ina masafa ya Hz 82.4. E ya besi ni Hz 41.2, na B iliyo chini yake ni Hz 30.87. Wimbi moja la B hiyo huchukua karibu milisekunde 32, na tyuna huhitaji mawimbi kadhaa kabla ya kuwa na uhakika, kwa hiyo haiwezi kujibu upesi kama kwenye gitaa. Baya zaidi, uzi mnene haupigi noti moja. Unatoa noti ya msingi pamoja na hamoniki zake, yaani sauti za juu zinazozaliwa nayo, na pikapu iliyo karibu na daraja huzisikia hamoniki vizuri kuliko noti ya msingi. Tyuna inashika hii, inaiacha, inashika ile.

Isaidie. Fungua pikapu ya upande wa shingo peke yake, shusha kitufe cha toni hadi chini, zima nyuzi nyingine kwa kiganja, kisha upige B kwa nyama ya kidole gumba, juu ya mwisho wa shingo, kwa upole. Subiri kidogo, usisome papo hapo. Ikikataa bado, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza na upige hamoniki. Sasa tyuna inasoma Hz 61.7, oktava moja juu, na mara nyingi inatulia mara moja. Usitumie hamoniki ya freti ya 7 kwa kazi hii: hiyo hutoa noti nyingine, F♯, na iko senti 2 juu ya ile tyuna inayoitarajia. Kama hata hamoniki ya 12 inayumba, acha kuilaumu pedali. Uzi umechoka, au umejisokota ulipofungwa, au pikapu imepandishwa karibu mno na sumaku zake zinauvuta uzi.

Mkono nao una adabu zake. Fika kwenye noti kutoka chini: ukipita juu, regeza hadi chini kabisa ya noti kisha kaza upande tena, ili ulegevu wa funguo na wa uzi kwenye nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo, upande wa kichwa) uwe umekwisha. Uzi ukiruka kwa mkwaruzo badala ya kupanda taratibu, umenasa kwenye nati. Unga kidogo wa penseli kwenye mfereji wake unatosha. Tyuni umesimama, gitaa likining'inia kwa mkanda kama unavyopiga, kwa nguvu ile ile unayopigia. Mwanzo wa kila mpigo noti iko juu kidogo halafu inashuka. Soma pale inapotulia. Na ikiwa gitaa lina daraja la kuelea la aina ya Floyd Rose, kila uzi unaoukaza unawaregeza wenzake, basi zungukia zote mara kadhaa hadi zikubaliane.

Sasa mpiga kinanda. Kabla ya yote tazama kipimo cha A kwenye pedali. Kinapaswa kuwa Hz 440. Kitufe hicho hubonyezwa kwa bahati mbaya ndani ya mkoba, na pedali ikikaa kwenye 436 itakuwashia kijani kwa furaha huku gitaa zima likiwa karibu senti 16 chini ya kinanda. Ukikuta 440, kifuate kinanda chenyewe, kwa sababu nacho kina mpangilio wa kupandisha au kushusha sauti yote. Njia ya haraka: chomeka kinanda kwenye pedali yako, voliyumu ikiwa chini, chagua sauti tupu isiyo na mtikisiko, shikilia A. Pedali itakuambia nani amehama.

Wote wakiwa sawa, hamia kwenye shingo. Tyuni uzi wazi, kisha ukandamize freti ya 12 na usome tena. Ikisoma juu, sogeza kipande cha daraja kinachobeba uzi huo nyuma, mbali na shingo; ikisoma chini, kilete mbele. Fanya hivyo ukiwa na nyuzi mpya, maana nyuzi zilizochakaa hudanganya hata strobo. Freti ya 12 ikikubali lakini freti tatu za kwanza ziko juu kwenye kila uzi, huenda mifereji ya nati haijachimbwa vya kutosha, na hiyo mpe fundi. Au vidole vyako vinakandamiza mno, jambo unaloweza kulithibitisha mwenyewe: piga G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E huku unatazama pedali, kaza kidole, ulegeze, uone taa zinavyotembea.

Kosa moja bado linawezekana, nalo ni la masikio mazuri. Ukitoka kwenye kijani kisha ukaugeuza kidogo uzi wa B wa gitaa ili kodi ya G isikike tamu, umeuvuruga. Theluthi kubwa, yaani umbali kama wa kutoka G hadi B, kwenye mpangilio wa kawaida wa kinanda na wa freti ni pana kwa takriban senti 14 kuliko theluthi safi, hivyo sikio linataka kuishusha. Ukishusha, kodi ya G itapendeza, ya E itachukiza, na kinanda, ambacho hakijui kushusha, kitabaki palepale. Uache uzi huo kwenye kijani.