Kupanga kwa kata, kisha kwa lita: AND si "na"

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa kikundi cha wafugaji huku Rungwe. Kila mwisho wa mwezi natoa orodha ya maziwa tuliyopokea, ndiyo inayotumika kulipa. Nataka kata zifuatane, Isongole, Kiwira, Kyimo, na ndani ya kila kata aliyeleta lita nyingi akae juu. Nimeandika hivi kwenye MySQL, programu tunayotunzia majedwali yetu:

`SELECT namba, jina, kata, lita FROM maziwa_mwezi ORDER BY kata AND lita DESC;`

Haikatai, lakini watu wanatoka vilevile walivyoingizwa. Nikipanga kwa lita peke yake, mwenye 95 anakaa juu ya mwenye 310. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Makosa ni mawili, na la pili halimo kwenye amri yako, limo kwenye jedwali lenyewe.

Tuanze na AND. Sisi tukisema "panga kwa kata na lita", hiyo "na" inaunganisha vitu viwili. AND ya SQL, lugha unayoiandikia MySQL amri zako, inauliza kama pande zote mbili ni kweli, kisha inajibu 1 au 0. MySQL ilikuta neno "Kiwira" mahali ilipotegemea namba, ikalihesabu kuwa 0. Sifuri AND chochote ni sifuri. Basi kila mfugaji wako akapewa 0, wote wakawa sare, na kompyuta ikakosa sababu ya kumtanguliza yeyote. PostgreSQL, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ingeikataa amri hiyo papo hapo, na kwa maoni yangu ingekuwa imekutendea wema. MySQL huacha onyo tu: andika `SHOW WARNINGS;` mara baada ya amri yako, utaliona.

Kinachotenganisha kolamu ni alama ya mkato:

`ORDER BY kata, lita DESC`

Hapa kata zitapangwa A hadi Z, na lita kutoka nyingi kwenda chache. DESC hushika kolamu iliyoandikwa mara kabla yake tu, hairudi nyuma zaidi kugusa kata. Ungetaka na kata zigeuzwe, ungeandika `kata DESC, lita DESC`.

Sasa shika jambo hili, maana mengine yote yanatoka humo: kolamu ya pili husikilizwa pale tu ya kwanza inapotoa sare. Chukua vitambulisho vya wafugaji uvitandaze mezani. Kwanza unatenga mafungu ya kata. Kisha unaingia fungu la Kiwira peke yake na kuanza kutazama lita. Ukianza na lita halafu kata, hupati mafungu kabisa: watu wa Kyimo na Isongole watachanganyika, na kata itaangaliwa tu pale wawili walipoleta kiasi kilekile.

Nalisisitiza kwa sababu nimeona makarani wazuri wakihangaika nalo kwenye daftari la kila siku. Wanaandika `ORDER BY muda_wa_kupokea, kata`, na kata hazipangiki. Kumbe ile kolamu ya muda ina saa, dakika na sekunde. Hakuna wawili waliopimiwa sekunde moja, hivyo hakuna sare, hivyo kata haipati zamu. Dawa ni kubakiza siku peke yake: `ORDER BY DATE(muda_wa_kupokea), kata`.

Kuhusu 95 kukaa juu ya 310: kolamu yako ya lita imetengenezwa kama maandishi. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kama kwenye kamusi, na 9 ni kubwa kuliko 3, basi mchezo umeishia hapo. Utaona watu wanaandika `lita + 0` ili kulazimisha namba. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi kwenye orodha ya malipo, kwa sababu inaacha ugonjwa mahali pake. Chukua nakala ya jedwali kwanza, safisha walioandikiwa "12 L" au walioachwa wazi, kisha igeuze kolamu iwe ya namba:

`ALTER TABLE maziwa_mwezi MODIFY lita DECIMAL(7,1);`

Ambaye hakuleta maziwa, mwenye NULL (yaani hana thamani yoyote kwenye lita), MySQL humhesabu mdogo kuliko wote, kwa hiyo ukitumia DESC atakaa mwisho wa kata yake. PostgreSQL hufanya kinyume, humweka juu, mpaka uandike `DESC NULLS LAST`.

Hujaniuliza kuhusu waliofungana, lakini siwezi kunyamaza. Miaka ya nyuma, Iringa, nilitoa orodha ya malipo ya mahindi, majina 40 kila ukurasa, kwa LIMIT (itoe mistari mingapi) na OFFSET (iruke mingapi kwanza). Nilipanga kwa kata na idadi ya magunia, nikaona inatosha. Wengi walikuwa na magunia sawa. Kila ukurasa ni amri mpya, na waliofungana hawana ahadi ya kukaa mpangilio uleule kila mara. Jina moja likatoka kwenye kurasa mbili, jingine halikutoka popote. Mama mwenye jina lile alikuwa amesimama foleni tangu alfajiri kwenye baridi, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile kila orodha yangu inamalizikia kwenye kolamu isiyojirudia, na kwako hiyo ni namba ya mwanachama:

`SELECT namba, jina, kata, lita FROM maziwa_mwezi ORDER BY kata, lita DESC, jina, namba;`

Jina limo ili waliofungana lita wasomeke kwa alfabeti. Namba imo ili wenye majina yanayofanana nao wapate mahali pa kudumu.

Faharasa (index, inayoharakisha kupanga na kutafuta) usiihangaikie kwa wanachama mia kadhaa. Siku mkifika maelfu mengi, tengeneza moja yenye `(kata, lita DESC, jina, namba)`, ila uwe na MySQL 8.0 au zaidi. Matoleo ya kabla yake yalilipokea neno DESC kwenye faharasa bila kulitekeleza.

Kabla ya kuchapisha ya mwezi huu, ongeza `WHERE kata = 'Kyimo'` kabla ya ORDER BY, itoke kata hiyo peke yake, uilinganishe na daftari la mkono, mstari kwa mstari. Ikikaa sawa, ondoa hiyo WHERE utoe orodha nzima.