Maswali yenu kuhusu Essen, jiji lililojengwa juu ya mashimo

Tangu nilipougusia mji huu wa makaa ya mawe wa magharibi mwa Ujerumani, maswali hayajakauka. Leo nayajibu manne.

Nitapita Essen kwa siku moja tu. Nianzie wapi?

Zollverein, mgodi wa zamani wa makaa, usisite. Panda tramu namba 107 kutoka stesheni kuu. Mgodi wenyewe ulianza mwaka 1847, ila kinachowavuta wageni ni Shimo la 12, lililofunguliwa mwaka 1932: mnara wa chuma wa mita 55, na majengo ya matofali mekundu yaliyopangwa kwa usawa hata ukadhani unaingia ikulu. Kazi ya Fritz Schupp na Martin Kremmer hiyo. Tangu 2001 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Usikose makumbusho yaliyo ndani ya jengo la kuoshea makaa. Ngazi za umeme, zinazowaka rangi ya chungwa kama chuma kilichotoka tanurini, zinakupandisha mita 24 juu, kisha unateremka ghorofa kwa ghorofa, njia ileile waliyoipitisha makaa.

Zollverein maana yake nini?

Umoja wa Forodha, ule wa madola ya Kijerumani wa mwaka 1834. Sisi Afrika Mashariki tunao wetu tangu 2005, ila sijasikia mtu akiuita mgodi wake hivyo.

Marehemu babu alikuwa mchimbaji, na vumbi halikumtoka kucha mpaka anazikwa. Hao wa Essen walikuwa wanaoga wapi?

Pole. Mgodini palikuwa na ukumbi mkubwa wa kuogea. Mtu akifika kazini anavua nguo za nyumbani, anazitundika kwenye ndoano, anavuta mnyororo mpaka zinapanda darini, kisha anaufunga kwa kufuli. Kwa hiyo juu ya vichwa vyao zilining'inia suruali na makoti ya mamia ya watu. Zikikaa juu hazishiki vumbi, na mwizi hazifikii. Bafu mojawapo la Zollverein sasa ni nyumba ya wacheza dansi. Wanafanyia mazoezi palipokuwa pakimwagika maji meusi. Kwenye kiwanda cha jirani cha koki, yaani makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma, majira ya joto watoto huogelea katika bwawa lililoundwa kwa makontena. Hapo babu yako angecheka.

Kabla ya makaa Essen ilikuwa na nini? Na migodi ilipofungwa, mambo yaliishia hapo?

Kabla ya makaa palikuwa na watawa. Askofu Altfrid alianzisha nyumba yao katikati ya karne ya 9, na kanisani pao bado yupo Bikira Maria wa dhahabu wa mwaka 980 hivi: sanamu ya mti iliyovikwa mabati ya dhahabu, kimo sentimita 74. Mimi ningeanza naye kabla ya Villa Hügel, jumba la Krupp, ukoo wa matajiri wa viwanda vya chuma, lenye vyumba 269, ambalo naona linajionyesha mno.

Mambo kuisha, hayajaisha. Zollverein ilifungwa Desemba 23, 1986, na mgodi wa mwisho wa Ruhr, eneo lote la makaa ambamo Essen imo, ule wa mji jirani wa Bottrop, Desemba 21, 2018. Lakini ukitoa makaa chini, ardhi inabonyea. Kuna sehemu zimezama zaidi ya mita 20. Ndiyo maana mto Emscher uligeuzwa mfereji wa maji taka ulio wazi kwa zaidi ya miaka mia: mabomba ya chini ya ardhi yangevunjika. Umeacha kubeba uchafu huo mwishoni mwa 2021 tu. Zaidi ya hapo kuna pampu. Zikizimwa, maji yatayajaza mabonde hayo na mitaa ya watu itakuwa ziwa. Kwa hiyo zinanguruma usiku na mchana, kwa fedha za wakfu ulioundwa mwaka 2007, na Wajerumani wenyewe huziita gharama za milele.